Anki kwa mtihani wa BCBA: programu iko sawa, kadi ndizo mbovu

Anki ni programu ya kadi za kujikumbusha. Upande mmoja swali, upande wa pili jibu, na programu yenyewe ndiyo inayoamua kadi ipi irudi kesho na ipi ikae wiki tatu. Imekuwepo tangu 2006, haina matangazo, na kwenye kompyuta hailipiwi hata senti. Mwenye simu ya Android anapakua AnkiDroid, nayo ni bure. Wenye iPhone ndio wanaotoa pesa: AnkiMobile inauzwa dola 24.99, unalipa mara moja basi. Asiyetaka kulipa anaweza kuingia AnkiWeb kwa kivinjari cha simu; inafanya kazi, ila ina vitu vichache na bando likikatika na masomo yamekatika.

Hapa tunaipima kwa kazi moja tu: kumwandaa mtahiniwa wa BCBA, cheti cha mchambuzi wa tabia kinachotolewa na bodi ya Marekani iitwayo BACB. Programu yenyewe tunaipa nyota nne na nusu kati ya tano. Mafungu ya kadi yaliyotengenezwa na wengine, yale yanayopakuliwa bure au kuuzwa kwa dola chache, yanapata nyota moja na nusu, na hiyo nusu ni ya huruma. Mtu anaweza kupakua fungu la kadi elfu moja, akalibofya miezi minne mpaka kila fasili anaitoa usingizini, kisha akaingia chumba cha mtihani na kuanguka. Kosa si la Anki. Anki inakufundisha kwa uaminifu kabisa kile ulichoiwekea, hata kama ulichoiwekea sicho kinachoulizwa.

Kinachoulizwa

Mtihani wa BCBA una maswali 185 ya kuchagua jibu moja kati ya manne, kwa saa 4, kwenye vituo vya Pearson VUE. Maswali 175 ndiyo yenye alama. 10 ni ya majaribio na huwezi kuyatambua. Gawanya dakika 240 kwa 185, unapata kama sekunde 78 kwa swali. Alama huwekwa kwenye kipimo cha 0 hadi 500, na kufaulu ni 400. Ukianguka unasubiri siku 30, na ndani ya miaka miwili ya kibali chako unaweza kujaribu hadi mara 8, kila mara kwa ada mpya.

Tangu 1 Januari 2025 mtihani unafuata mwongozo wa maudhui wa toleo la sita. Maswali yenye alama yamegawanywa hivi: misingi ya kifalsafa 8, dhana na kanuni 24, upimaji na usomaji wa data 21, miundo ya majaribio 13, maadili 22, tathmini ya tabia 23, mbinu za kubadili tabia 25, kuchagua na kutekeleza afua 20, usimamizi wa wafanyakazi 19. Waraka huo ni bure kwenye tovuti ya BACB na ndio unaopaswa kuuchapisha kabla hujafungua Anki, kwa sababu ndio utakaokuambia uandike kadi ngapi za nini. Mtu mwenye kadi 200 za falsafa na kadi 15 za usimamizi ameandika anachokipenda, na atalipia.

Swali la kawaida halikuulizi fasili. Linakupa kisa cha mistari mitatu hadi sita: mtoto, mwalimu, kilichotangulia, kilichofuata. Kisha linakupa majibu manne, mawili kati yake yanafanana kama mapacha. Kinachopimwa ni kutofautisha. Fasili ni sharti la kufika hapo, lakini yenyewe haikufikishi.

Mafungu ya kupakua yanaharibika wapi

Kwanza, umri. Mengi yaliandikwa kwa orodha ya kazi ya toleo la tano, iliyotumika hadi mwisho wa 2024, na mengine ni ya zamani zaidi. Balaa ni kwamba toleo la tano na la sita yote yana maeneo tisa yenye herufi A hadi I, na mada zake zinakaribiana, kwa hiyo ukiangalia juu juu fungu la zamani linaonekana liko sawa. Chukua kadi kumi bila kuchagua, zilinganishe na mwongozo mpya namba kwa namba. Namba zikigoma kwa kadi tatu au nne, liache.

Pili, maadili. Kanuni za Maadili zinazotumika sasa zilianza 1 Januari 2022. Kabla yake kulikuwa na kanuni nyingine, zenye namba nyingine na wakati mwingine majibu mengine kabisa. Mfano unaowafaa wasomaji wetu ni zawadi. Kanuni za zamani zilikataza zawadi ya aina yoyote kwa mteja au kutoka kwa mteja. Za sasa, kifungu 1.12, zinaweka mpaka wa dola 10 za Marekani au thamani inayolingana katika nchi nyingine, na zawadi iwe ya mara chache, ya kushukuru, isiyomnufaisha mpokeaji kifedha. Familia inatakiwa kuelezwa hayo tangu mwanzo wa kazi. Basi chukua mama mmoja wa Mombasa anayeishi Ohio, siku ya Idi anakupa doti ya khanga. Kadi ya zamani inasema kataa. Swali la leo linataka uangalie thamani, uangalie kama ni mara ya kwanza au ni kila Ijumaa, na uangalie kama ulimweleza mapema. Zawadi ndogo zinazojirudia zinahesabika pamoja, na hapo ndipo wengi wanapochagua jibu baya huku wanakumbuka "dola 10" vizuri kabisa.

Tatu, na hili ndilo kubwa: kadi zenyewe ni fasili tupu. "Uimarishaji hasi ni nini?" Jibu mistari miwili. Baada ya wiki tatu hukumbuki maana, unakumbuka umbo la kadi: ile yenye maneno marefu, ile yenye kosa la tahajia. Jicho linaona mstari wa kwanza, kidole kinabofya. Kwa lugha ya fani yenyewe, jibu lako limeingia chini ya udhibiti wa kichocheo kisicho sahihi. Inachekesha kidogo kuona wanafunzi wa uchambuzi wa tabia wakinaswa na jambo ambalo kesho watalipwa kulirekebisha kwa watoto.

Kadi zinazofanya kazi

Andika kadi kwa makundi ya watatu au wanne, ambapo kisa kinabaki kilekile na kitu kimoja tu kinabadilika. Kundi la kwanza la mtu yeyote liwe hili:

Kisa cha kwanza. Juma anapiga kelele akipewa hesabu. Mwalimu anaondoa daftari. Siku zinazofuata kelele wakati wa hesabu zinaongezeka. Jibu: uimarishaji hasi, yaani kitu kimeondolewa na tabia imeongezeka.

Kisa cha pili. Juma anapiga kelele, mwalimu anachukua tableti aliyokuwa akiichezea, kelele zinapungua. Jibu: adhabu hasi, yaani kitu kimeondolewa na tabia imepungua.

Kisa cha tatu. Juma anapiga kelele akipewa hesabu. Mwalimu anaondoa daftari. Wiki mbili baadaye kelele ziko vilevile. Jibu: hakuna cha kutaja. Si uimarishaji wala adhabu, kwa kuwa tabia haikubadilika.

Kadi ya tatu ndiyo inayokupa alama. Asiyekuwa nayo atasoma "anaondoa daftari" na kurukia jibu, wakati kanuni nzima imejengwa juu ya kile kinachotokea kwa tabia hapo baadaye. Hakikisha kila kadi ya uimarishaji au adhabu inaeleza matokeo ya baadaye. Kadi isiyoyaeleza ifute.

Kundi la pili: MO na SD, yaani kinachobadilisha thamani ya kitu na kinachoashiria kwamba kitu kinapatikana. Umekula karanga zenye chumvi nyingi, maji yamekuwa na thamani kubwa kuliko dakika tano zilizopita: MO. Duka lina bango la "wazi", na hapo nyuma ulipata maji wakati bango lipo na hukupata lisipokuwepo: SD. Halafu ongeza mtego: LUKU imekata, nyumba giza, sasa namba za tokeni zimekuwa na thamani ambayo saa moja iliyopita hazikuwa nayo. Wengi wanajibu SD kwa sababu giza linaonekana na kichocheo "kinaonekana". La. Giza halikuambii kama tokeni zinapatikana. Limepandisha thamani yake. Kibanda cha wakala kilicho wazi ndicho SD. Jiulize swali moja kila mara: hiki kinaniambia nakitaka, au kinaniambia nitakipata?

Kwa matamshi ya kimaongezi, yale makundi ya mwanasaikolojia B. F. Skinner ya mandi, takti, ekoiki na intraverbali, maisha ya Kiswahili yanakupa mifano safi kuliko ya vitabuni. Mtoto ana kiu, anasema "maji": mandi. Anaona bajaji inapita, anasema "bajaji", na mama anamjibu "ndiyo, bajaji": takti. Mama anasema "sema shikamoo", mtoto anasema "shikamoo": ekoiki, maana sauti ya mtoto inalingana na ya mama herufi kwa herufi. Mgeni anasema "hodi", mtoto anajibu "karibu": intraverbali, maana jibu linaletwa na maneno lakini halifanani nayo. "Shikamoo" na "marahaba" vilevile.

Lakini usiandike "mtoto anamwona bibi, anasema shikamoo" ukadai ni takti. Huenda anasema kwa sababu ya kumwona bibi, huenda baba amemkazia macho, huenda anataka pipi anazojua bibi anazo mfukoni. Kadi ambayo hujaeleza kichocheo kilichotangulia na kilichofuata haina jibu, na kadi isiyo na jibu utaibishia kila asubuhi.

Jambo la lugha: mtihani hauna toleo la Kiswahili. Kisa kiandike kwa Kiswahili ukipenda wiki za mwanzo, kwa sababu unakielewa haraka, lakini jina la dhana liwe lile litakalokuwa kwenye skrini siku ya mtihani. Kufikia nusu ya maandalizi, kadi mpya zote ziwe na visa kwa Kiingereza. Ukichelewa, sekunde zako 78 zitaliwa na tafsiri ya kichwani.

Hesabu na grafu

Hapa ndipo mafungu mengi ya kupakua yanapokaa kimya, na ndipo pa kuokota alama. Eneo la upimaji lina maswali 21, la miundo ya majaribio 13. Andika kadi za hesabu ambazo unatakiwa kufanya kwa kalamu, kisha ugeuze.

Mfano wa makubaliano ya waangalizi. Kuna vipindi 10, na anayeona tabia ndani ya kipindi anakiwekea alama. Mwangalizi wa kwanza ameweka alama kwenye kipindi cha 1, 2, 5 na 8. Wa pili: 1, 5 na 9. Kipindi kwa kipindi, wanakubaliana kwenye 1, 3, 4, 5, 6, 7 na 10, yaani 7 kati ya 10: asilimia 70. Kwa vipindi vilivyowekwa alama tu, unachukua vile ambavyo angalau mmoja ameweka: 1, 2, 5, 8, 9. Wamekubaliana viwili: asilimia 40. Kwa vipindi visivyowekwa alama, unachukua vile ambavyo angalau mmoja ameacha wazi: 2, 3, 4, 6, 7, 8, 9, 10, yaani 8. Wamekubaliana kwenye 5: asilimia 62.5. Data ileile, namba tatu. Tabia ikiwa ya nadra, njia ya kipindi kwa kipindi inapambwa na ukimya wa waangalizi wote wawili, kwa hiyo unatumia vipindi vilivyowekwa alama. Tabia ikiwa ya mara nyingi, unageuza. Kosa la kawaida ni kudhani "visivyowekwa alama" maana yake ni vile ambavyo wote wawili wameacha wazi. Ukihesabu hivyo utapata asilimia 100 kila mara, na hiyo peke yake ingetosha kukushtua.

Kadi nyingine ya lazima: dakika moja, vipindi sita vya sekunde 10, na tabia inatokea sekunde 2 ndani ya kila kipindi. Kipimo cha sehemu ya kipindi, kinachohesabu kipindi hata tabia ikionekana kidogo, kinasema asilimia 100. Kipimo cha kipindi kizima, kinachodai tabia idumu mwanzo hadi mwisho, kinasema 0. Ukweli ni sekunde 12 kati ya 60, asilimia 20. Kadi hii moja inakumalizia maswali yote ya "kipi kinazidisha, kipi kinapunguza".

Grafu zinaingia Anki vizuri. Tangu toleo la 23.10 programu ina njia ya kuficha sehemu za picha bila nyongeza yoyote: weka grafu, funika jina la muundo, funika mstari wa kubadili awamu, uliza. Chora zako mwenyewe kwa kalamu na uzipige picha. Chora muundo wa msingi nyingi (multiple baseline, ambapo washiriki wanaanza afua kwa zamu) na mshiriki wa pili anabadilika kabla hajapewa afua, kisha uliza kama udhibiti wa majaribio umeonyeshwa, yaani kama afua ndiyo iliyobadili tabia. Haujaonyeshwa, na unapaswa kusema kwa nini.

Mipangilio ya kubadilisha

Anki ikitoka kiwandani inakupa kadi mpya 20 na marudio yasiyozidi 200 kwa siku. Kwa kadi za fasili inawezekana. Kwa kadi za visa ni mzigo, kwa sababu kila kadi mpya huzaa marudio kwa wiki nyingi, na kanuni ya kidole gumba ni marudio kama mara kumi ya kadi mpya. Weka mpya 12. Utakuwa na marudio kama 120 yakishatulia. Kwa sekunde 25 kila moja, hiyo ni dakika 50 kwa siku, na kwa siku 60 umeingiza kadi 720, idadi inayotosha kama zimeandikwa kwa makundi.

Washa FSRS, ratiba mpya zaidi ya programu, na uache lengo la kukumbuka kwenye 0.90. Kulipandisha hadi 0.97 kunavutia, kazi ya kila siku itaongezeka kupita kiasi na faida yake ni ndogo.

Usitengeneze fungu moja kwa kila eneo. Weka fungu moja tu na utumie lebo za A hadi I. Ukifungua fungu la "maadili" na kufanya kadi 30 za maadili, tayari unajua jibu ni la maadili, nusu ya kazi imefanywa na jina la fungu. Mtihani haukupi msaada huo. Kwa sababu hiyohiyo badilisha namna kadi mpya zinavyokusanywa iwe ya kubahatisha, na washa chaguo la kuficha kadi ndugu (zilizotoka kwenye noti moja) hadi kesho, ili kisa cha kwanza cha Juma kisikupe jibu la kisa cha pili.

Vitufe ni vinne. Ukikosa, bonyeza Again. Watu wenye aibu wanabonyeza Hard kwa kadi waliyokosa "kidogo". Programu inahesabu Hard kama umepata, inaisogeza kadi mbele, na baada ya mwezi takwimu zako ni nzuri na kichwa ni kitupu. Kwa kadi za visa, kupata ni kutaja jina na sababu. Jina peke yake ni Again. Kadi ikikukataa mara 8 programu inaipa lebo ya leech. Usiendelee kupigana nayo: karibu kila mara tatizo liko kwenye maandishi. Igawe iwe mbili, au iongezee jirani yake wa kulinganisha.

Tahadhari ya kusawazisha simu na kompyuta kupitia AnkiWeb: mara ya kwanza inaweza kukuuliza kama unapakia au unapakua. Chaguo lolote linafuta upande mmoja wote. Kabla ya kujibu, hifadhi nakala ya mkusanyiko kwenye kompyuta.

Kasi, ambayo Anki haiipimi vizuri

Nusu ya nyota iliyopungua ni ya hapa. Anki inajali kama umekumbuka. Kama umekumbuka kwa sekunde 2 au sekunde 20, kwenye ratiba ni mamoja. Kuna saa unayoweza kuiwasha ionekane pembeni, na programu inaweza kugeuza kadi yenyewe baada ya sekunde ulizopanga, lakini haikuchorei majibu sahihi kwa dakika yakipanda siku kwa siku.

Fani hii ina dawa yake ya nyumbani: SAFMEDS, aliyoianzisha Ogden Lindsley, mwanafunzi wa Skinner. Sema zote, haraka, kwa dakika moja, kila siku, ukiwa umezichanganya. Inahitaji karatasi. Kata kadi ngumu 40 hadi 60, mbele fasili isiyozidi maneno kumi, nyuma jina. Weka saa ya simu sekunde 60, soma, sema kwa sauti, geuza, tupa kulia ukipata na kushoto ukikosa. Andika namba mbili, ulizopata na ulizokosa, kila siku kwenye grafu. Mwanzo usishangae kupata 10. Lenga 30 na zaidi. Namba ikisimama siku tatu au nne, punguza fungu liwe nusu. Makosa yakibaki palepale, fasili za mbele ni ndefu mno. Wanaoandika fasili ya mistari mitatu hawawezi kufika 30 hata wakiwa maprofesa, maana dakika inaishia kwenye kusoma.

Kwa hiyo majina na fasili yaende kwenye karatasi, visa na hesabu viende Anki. Kugawa hivyo kunaipunguzia programu kadi zaidi ya mia ambazo haikuwa na sababu ya kuzibeba.

Vingine vya kununua na vya kuacha

Kitabu kikubwa cheupe cha Cooper, Heron na Heward, toleo la tatu, ni cha kuchotea kadi. Kukisoma kutoka jalada hadi jalada wiki nane kabla ya mtihani ni njia ya heshima ya kujichosha. Fungua sura ya kile ulichokosa.

Mtihani wa majaribio wa kulipia ununue mmoja, uliosema wazi ni wa toleo la sita, unaokupa matokeo kwa kila eneo na kueleza kwa nini majibu matatu mengine si sahihi. Bila maelezo hayo, umenunua namba. Na namba yenyewe usiipe uzito wa kinabii: asilimia 80 kwenye mtihani wa kampuni fulani haigeuki kuwa 400 za BACB, vipimo ni tofauti. Ufanye kwa kikao kimoja cha saa 4, wiki tatu kabla, kisha kila swali ulilokosa ligeuze kuwa kundi la kadi tatu kwa maneno yako. Siku 14 za mwisho weka kadi mpya ziwe 0 na ubaki na marudio. Na linganisha jina ulilosajili na jina lililo kwenye vitambulisho vyako. Sisi wenye majina matatu, ambao pasipoti ina mpangilio mmoja na leseni ya udereva mwingine, tunalo hilo la kurekebisha mapema.

RBT, na walioko nyumbani

Kwa fundi wa tabia, RBT, mambo ni mepesi zaidi: maswali 85 kwa dakika 90, 75 yenye alama, kama sekunde 63 kwa swali. Mtihani wake una mwongozo mpya wa toleo la tatu tangu 1 Januari 2026, kwa hiyo onyo la mafungu ya zamani ni lilelile. Kadi 250 zinatosha. Acha miundo ya majaribio na usimamizi. Weka nguvu kwenye kufundisha stadi mpya, kukusanya data, na mipaka ya kazi ya RBT. Swali la "mzazi anakuomba ubadilishe mpango" lina jibu moja kwa sura nyingi: mpeleke kwa msimamizi wako.

Anayesoma haya akiwa Nairobi, Arusha au Kampala ajue kwamba tangu 1 Januari 2023 BACB haipokei waombaji wapya kutoka nchi nyingi nje ya Amerika Kaskazini, na Afrika Mashariki imo katika zilizofungiwa. Asilipie mafunzo ya saa 40 yanayotangazwa kwa jina la RBT kabla ya kuangalia hilo. Bodi za IBAO na QABA zinapokea waombaji wa kimataifa na zina mihtasari yao. Kanuni za tabia hazibadiliki, kwa hiyo kadi za dhana, upimaji na mbinu zinahamia kama zilivyo. Lebo ya maadili isimamishe yote, kisha uiandike upya kutoka kanuni za bodi unayoiomba, kifungu kwa kifungu, ukianza na zawadi na mahusiano ya pande mbili, yaani kuwa mtaalamu wa mteja na papo hapo rafiki yake.